Nyumba ya shamba huanza kufa paani: mwongozo wa kulitunza paa la nyumba ya wazee



Miaka mitano iliyopita, katikati ya masika, mtoto wa dada yangu alituma video fupi kwenye kundi letu la familia. Ilikuwa ya chumba cha marehemu bibi, katika nyumba yetu ya shamba kule Pemba, upande wa Wete. Maji yalikuwa yakidondoka juu ya kitanda cha besera, na chini pamewekwa sufuria tatu na ndoo. Mama yuko nasi hapa Maskati na hawezi tena kusafiri. Aliitazama video mara mbili, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Kile kitanda wamekisogeza?"

Tulichanga siku ile ile. Mabati mapya yakanunuliwa, fundi akaezeka, tukaletewa picha za paa linalong'aa, tukamshukuru Mungu. Masika ya tatu baada ya hapo, chumba kile kile kikavuja tena. Nilipokwenda mwenyewe wakati wa kaskazi nikapanda ngazi na kuchungulia chini ya bati, nilisukuma papi moja kwa kidole na kidole kikazama. Mabati yalikuwa mazima, lakini miti iliyoyabeba ilikuwa imegeuka unga na misumari imeshika hewa. Nilimfuata fundi kwa hasira. Yule mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanijibu kwa upole: "Mwanangu, mliniambia mabati. Hakuna aliyeniambia miti."

Alisema kweli. Tulioko mbali tunaliona paa kwa juu, katika picha. Mwenye kulijua paa hulitazama kwa chini. Mimi si fundi, ni mtoto wa nyumba iliyovuja, lakini tangu siku ile nimekaa na mafundi, nimeuliza na nimekosea mara kadhaa. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya wenzangu wenye nyumba kule na maisha huku. Kama kuna jambo moja la kulibeba, ni hili: paa ni miti. Bati na makuti ni nguo yake tu.

Majina ya viungo vya paa

Watoto wetu waliozaliwa Ghuba hawayajui majina haya, na wengi wetu tumeyasahau. Bila majina huwezi kuelewana na fundi kwenye simu.

Kipaa ni upande mmoja wa paa ulioinama. Nyumba ya kawaida ina kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma. Kisusi ni upande wa ubavuni, pale paa linapomalizikia.

Mwamba ni mti mrefu unaolala juu ya ukuta au juu kabisa kwenye mgongo wa paa. Mtambaapanya ni mti unaovuka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Makombamoyo ni miti inayopanda kutoka ukutani hadi kwenye mgongo wa paa. Juu yake, kwa kulala, hufungwa pau na fito, na hizo ndizo zinazoshika makuti.

Katika paa la bati la siku hizi, kenchi ndiyo fremu ya mbao inayobeba kila kitu, na papi ni mbao zinazolazwa juu yake kupokea misumari. Kofia ni bati linalofunika mgongo wa paa, pale vipaa viwili vinapokutana.

Ukisema "paa linavuja", fundi hajui aanzie wapi. Ukisema "kipaa cha nyuma, karibu na kisusi, juu ya mwamba wa ukuta", umemfikisha kazini.

Paa huanza kuharibika wapi

Pahala maji yanapodondokea mara nyingi sipo yanapoingilia. Maji huingia juu, hufuata mti, kisha huanguka pale mti unapopinda au unapogusa ukuta. Kwa hiyo ukiliona doa, fuata mti kuelekea juu mpaka ufike penye unyevu wa kwanza.

Sehemu za kutazamwa kabla ya nyengine zote ni hizi: kofia ya paa, pale kipaa kinapokutana na ukuta au na paa la jiko, ncha za miti zinazokaa ndani ya ukuta, na ukingo wa chini wa paa, maji yanapomwagika. Ncha za miti zina hatari zaidi kwa sababu hazionekani. Unyevu wa ukuta huziozesha kwa ndani huku sehemu ya nje ikionekana nzima.

Kuna vipimo viwili ambavyo mtu yeyote anaweza kuvifanya. Cha kwanza ni kisu: choma mti kwa ncha. Ikizama bila kutumia nguvu, mti umeoza. Cha pili ni kugonga kwa nyundo: mti mzima hutoa sauti ngumu, uliobunguliwa hutoa sauti ya kitu kitupu. Unga chini ya papi ni kazi ya wadudu wanaotoboa mbao. Njia za udongo zinazopanda ukutani kama mishipa ni za mchwa, na mchwa hupenda sana kuta za udongo. Ukizivunja njia hizo na baada ya siku chache zikajengwa upya, mchwa bado wako kazini na dawa inahitajika kabla ya mti mpya kuwekwa.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kuvuja kwa paa hakumpi nafuu mtu yeyote. Nyumba nyingi za shamba zimejengwa kwa mawe na udongo au kwa fito na udongo, na ukuta wa aina hiyo una nguvu ukiwa mkavu tu. Ukilowa mara kwa mara huvimba, hutokeza tumbo, kisha huanguka. Ndiyo maana wazee waliacha paa litokeze nje ya ukuta dhiraa moja au zaidi: maji yamwagike mbali na msingi. Fundi akikwambia ukingo ukatwe ili kupunguza mabati, mkatalie.

Paa la makuti

Makuti yanayofaa kuezekea ni makuti ya viungo, yaani majani ya mnazi yaliyokunjwa na kushonwa juu ya kijiti. Makuti ya kumba ni ya ua na vibanda, si ya nyumba ya kulala.

Siri ya makuti ni mambo mawili, mwinamo na ukaribu. Paa la makuti lazima liwe na mwinamo mkali, nusu ya pembe mraba au zaidi, ili maji yateremke kabla hayajazama. Ukaribu ni nafasi baina ya kuti moja na jengine. Likiezekwa kwa nafasi ya vidole vinne, paa huwa nene na hudumu. Likiezekwa kwa nafasi ya shubiri, makuti machache yanatumika na bei inapungua, lakini ukisimama ndani mchana utaziona nyota za jua. Paa zuri la makuti hukaa miaka kadhaa, kisha lazima liezekwe upya. Hilo si kasoro, ndivyo lilivyo, na familia ilipangie mapema.

Kamba nayo ina habari yake. Zamani vilifungwa kwa kamba za makumbi, na mafundi wengi leo hutumia kamba za plastiki. Kamba ya plastiki inayopigwa na jua hukauka na kukatika, kwa hiyo vifundo vya ukingoni na kwenye kofia vikaguliwe kila mwaka.

Halafu kuna moshi. Bibi alipikia kuni, na moshi ulipanda kila siku katika makuti na miti. Moshi ule ulikausha unyevu na kufukuza wadudu. Nyumba inapohamwa, au jiko linapohamia kwenye gesi, paa hupoteza mlinzi wake bila mtu kutambua. Sisemi turudishe kuni ndani ya nyumba, kwani moshi una madhara yake kwa mapafu. Ninasema paa la makuti lisilopata moshi lahitaji kutazamwa zaidi kuliko lilivyotazamwa zamani. Jiko la kuni likiwepo, makuti yasiwe karibu na moto, na nyaya za umeme zisiguse makuti hata kidogo.

Paa la mabati

Nyumba nyingi za shamba zilitoka kwenye makuti zikaingia kwenye mabati, mara nyingi juu ya miti ile ile ya makuti. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia, kwa sababu miti ya mviringo iliyofungwa kwa kamba haimshiki msumari sawasawa. Ukibadilisha kuja kwenye bati, badilisha na miti: kenchi na papi za mbao zilizonyooka, zilizokauka na kupakwa dawa.

Ununuapo bati uliza geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba zaidi: geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Karibu na bahari chumvi hula bati haraka, kwa hiyo usifanye ubahili hapo.

Kuezeka kwenyewe kuna kanuni chache ambazo unaweza kuziomba uonyeshwe katika picha:

Bati moja lilale juu ya jenziwe kwa mgongo mmoja na nusu hadi miwili ubavuni, na kwa urefu zipandane sentimita 15 au zaidi. Mwinamo ukiwa mdogo, ongeza.

Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, usipigwe bondeni ambako maji hupita, na uwe na mpira chini ya kofia yake.

Misumari iwe ya karibu zaidi kwenye kingo na kwenye kofia, kwa sababu upepo huanza kung'oa pembeni.

Mpandano wa mabati uelekezwe mbali na upepo wenye mvua, ili upepo usisukume maji chini ya bati. Fundi wa pale anajua upepo wa masika hupiga nyumba yenu kutokea wapi. Muulize.

Bati likianza kutu, lisuguliwe kwa brashi ya waya, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Tundu dogo huzibwa kwa lami kwa muda tu. Tundu kubwa linataka kipande cha bati kinachoingia chini ya bati la juu, si kirakaka kilichobandikwa juu. Na usikubali mabati mapya kuwekwa juu ya ya zamani bila kuyavua. Unyevu hukaa katikati, na hapana atakayeiona miti tena.

Anayepanda akanyage palipo na misumari, maana hapo chini pana papi. Asipande paa likiwa limelowa.

Paa la boriti na chokaa

Baadhi ya nyumba kubwa za mashamba ya karafuu zina paa la bapa la boriti na chokaa kama nyumba za Mji Mkongwe. Boriti ni za mikoko. Wasomaji wetu wanaoishi Bahrain na Kuwait wanazijua bila kujua: miti hiyo hiyo ilipakiwa majahazini kutoka delta ya Rufiji na Lamu, ikaletwa Ghuba, ikaitwa chandal. Ukiingia nyumba ya kale ya Muharraq ukatazama juu, huenda unatazama mti wa kwetu. Upana wa vyumba vya zamani, huku na kule, ulifuata urefu wa boriti, kiasi cha mita 3.

Juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, kisha zege la chokaa lililopigwa kwa vipande vya mbao kwa siku nyingi mpaka likakaza. Adui wa paa hili ni maji yanayotuama. Yana njia zake za kutokea, marizabu, neno ambalo ni ndugu wa mirzam tunayoisikia huku. Jani moja la mwembe likiziba marizabu, paa linageuka bwawa. Kwa mvua zetu nyingi, mapaa mengi ya namna hii yaliishia kufunikwa bati juu yake, na hilo ni jambo la busara.

Usizibe nyufa za chokaa kwa saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu, chokaa ni laini na hupumua. Zinaachana, maji huingia baina yao, na boriti huoza ndani ya giza. Ufa ufunguliwe, usafishwe, uloweshwe, ujazwe chokaa iliyozimwa vizuri na mchanga, kisha ufunikwe usikauke haraka.

Tahadhari moja. Ikiwa paa lenu ni la yale mabati ya zamani ya kijivu, ya saruji, mazito na yanayovunjika kama kigae, huenda yana asbesto. Yasikatwe, yasitobolewe, yasisuguliwe yakiwa makavu. Vumbi lake huingia mapafuni na madhara huonekana miaka mingi baadaye. Tafuteni mtu anayeijua kazi hiyo.

Kalenda ya mwaka

Januari na Februari, wakati wa kaskazi na ukavu: ukaguzi na matengenezo. Kila kitu kiwe kimemalizika kabla ya katikati ya Machi.

Machi hadi Mei, masika: hakuna kuezua paa. Kazi ya aliye nyumbani ni kutazama, kuweka alama kwa chaki pahala maji yanapodondokea, na kupiga picha.

Juni hadi Septemba, kusi: kazi kubwa, kama kuezeka upya. Pia kuangalia mabati yaliyolegezwa na upepo.

Mwisho wa Septemba, kabla ya vuli: fagia majani, fungua mifereji na marizabu, kata matawi ya mwembe na mfenesi yanayogusa paa, na angua nazi zilizo juu ya nyumba. Nazi moja iliyokomaa inatosha kutoboa bati.

Kumwagiza fundi ukiwa mbali

Picha ya paa jipya kwa nje haikwambii kitu. Omba picha za namna nne: miti kabla ya kuvuliwa, miti ikiwa wazi, bati au makuti yameshatolewa, miti mipya ikiwa imewekwa, kabla ya kufunikwa, na kazi iliyokwisha, kwa juu na kwa chini. Malipo yafuate hatua hizo. Fundi mwema hatochukia, kwani nayo ni kinga yake.

Muulize maswali haya: Mti gani umeoza, na unyevu umetoka wapi? Ncha za ukutani umezichoma? Mchwa wapo? Kama fedha hazitoshi, kipi kifanywe mwanzo? Jibu la swali la mwisho karibu siku zote ni miti na kofia.

Nani mwenye paa?

Swali hili ni gumu kuliko yote. Nyumba ya mirathi ina wenyewe tisa, na kwa hiyo haina mwenyewe. Kila mmoja anasubiri mwenzake. Sisi tulikubaliana mambo matatu na tukayaandika: nani anaamua matengenezo, kila mtu anaweka kiasi gani kwa mwaka hata kama paa halivuji, na nani anakaa ndani. Binamu yetu na mkewe sasa wanakaa pale bila kodi. Kuna waliosema anafadhiliwa. Mimi naona ni yeye anayetufadhili, kwa sababu tone la kwanza likianguka usiku, kuna mtu wa kulisikia.

Kwetu sisi hayo yalikuja kwa kuchelewa. Ukuta wa chumba cha bibi ulikuwa umekunywa maji masika matatu, ukatoa tumbo, na mafundi wakashauri ubomolewe kabla haujamwangukia mtu. Kipaa cha nyuma kilivuliwa pamoja nao. Chumba hakipo. Pale palipokuwa nacho pana ua, na shemeji amepanda mchaichai.

Nilimweleza mama mwenyewe, sikutaka ayasikie kwa wengine. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza tena kuhusu kitanda. Nikamwambia kiko ukumbini, pakavu, chini ya miti mipya.

Kama hujapiga simu nyumbani mwaka huu kuuliza habari za paa, piga. Usiulize kama linavuja. Muulize aliyepo achukue kisu, apande ngazi, achome miti, kisha akwambie alichokiona.

Wassalaam alaykum.